Mnaotupandisha dozi, tuonyesheni na pa kushukia

Desemba 2019 nilikuwa harusini Ngamiani, hapa Tanga. Tulikuwa tumekaa mkekani tukisubiri biriani ipakuliwe, mama mmoja ambaye hatukuwa tumeonana tangu Ramadhani akanishika mashavu kwa viganja vyake viwili. "Mashaallah, mwalimu! Umenawiri, uso wenyewe mwezi mtupu." Wenzake wakaitikia. Mmoja akataka kujua natumia nini. Nilishukuru, na nilifurahi kweli, maana mwaka mzima kabla ya hapo kila aliyeniona aliniuliza kama naumwa.

Kwetu pwani ukimfananisha mwanamke na mwezi umemsifu. Miezi miwili baadaye nililisikia neno hilohilo kwa daktari, naye aliliandika kwenye faili langu pamoja na dalili nyingine: uso wa mwezi. Mashavu yaliyosifiwa mkekani yalikuwa yamejazwa na vidonge vya steroidi, ambavyo nilikuwa nimevimeza kwa miezi kumi bila kujua hata jina lake. Naandika leo kwa sababu bado nakutana na watu waliobeba bahasha kama niliyobeba mimi.

Maradhi yalianzia vidoleni mwaka 2018. Niliamka asubuhi nikashindwa kufunga kifungo cha blauzi, nikadhani nimelalia mikono. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Vifundo vya vidole vilivimba mikono yote miwili kwa pamoja, vikawa vya moto ukivigusa, na vidole havikukunjika mpaka saa nne. Darasani nikawa naishika chaki kwa ngumi, kama mtoto wa chekechea anavyoshika penseli. Mwandiko wangu ubaoni uliharibika hadi wanafunzi wa mbele wakawa wanayasoma maneno kwa sauti ili wajue kama wameyapatia. Nyumbani, mwanangu wa miaka tisa alikuwa hatoki kwenda shule kabla hajafungua kifuniko cha chupa ya chai. Anakifungua, anakirudishia kidogo tu ili joto lisitoke, anaiweka chupa ukingoni mwa meza ninapoifikia, anachukua begi lake anaondoka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Ukitaka kuyatofautisha maumivu haya na yale ya jembe au ya umri, iangalie asubuhi. Kiungo kilichochoka kwa kazi hupata nafuu ukikipumzisha. Hiki changu huamka kibaya kuliko kilivyolala, kisha hulegea taratibu kadiri ninavyokitumia.

Jina tulilolipa ugonjwa huu ni baridi yabisi, na jina lenyewe limetuponza. Nilihojiwa kama niligusa maji ya baridi baada ya kupiga pasi, kama nililala sakafuni nilipojifungua, kama nilikuwa nikioga alfajiri. Naishi Tanga, mji ambao Februari usiku shuka linatupwa chini, na bado nilitafutiwa baridi iliyonipiga. Neno yabisi limelenga, maana ni la ukavu na kukakamaa, na hivyo ndivyo kiungo kinavyokuwa. Neno baridi ndilo linalotupeleka kwenye mafuta ya kuchua na soksi za sufu wakati kiungo kinaliwa ndani. Ugonjwa huu ni wa kinga ya mwili. Askari wanaotakiwa kupambana na vijidudu huugeukia utando laini unaozunguka kiungo, huuvimbisha, na ukiachwa hivyo utando ule huanza kula gegedu na mfupa. Sehemu kubwa ya uharibifu hutokea katika miaka michache ya mwanzo, yaani wakati uleule ambao wengi wetu tupo kwa mganga au kwa mchuaji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu duniani, na kama asilimia 70 kati yao ni wanawake. Hao wapo katika nchi za theluji na za jua.

Nami nilichuliwa. Nilimeza mizizi, nilifungwa majani ya mnyonyo, na sijutii mkono wa mama aliyenichua, kwa sababu mkono wenye huruma nao hupoza. Lakini vidole vilizidi kupinda.

Mwanzoni mwa 2019 mwenzangu mmoja kazini akanielekeza kwenye duka la dawa ambapo, alisema, kuna "mchanganyiko wa viungo". Muuzaji hakuniuliza mengi. Alichota vidonge kutoka kwenye makopo matatu, akavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, akaandika kwa kalamu 1 x 2. Shilingi elfu mbili, dozi ya siku tano. Kidonge kimoja kilikuwa kikubwa cha rangi, kingine cheupe cha kawaida, na cha tatu kilikuwa kidogo, cheupe, kichungu ukikichelewesha ulimini.

Siku ya tatu niliamka nikakunja ngumi. Nilikaa kitandani nikaikunja na kuikunjua mara nyingi, nikilia, mume wangu akadhani nimezidiwa. Niliinuka nikakanda unga wa chapati, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miezi saba. Anayekwambia usinunue tena bahasha kama ile anapaswa kwanza ajue asubuhi hiyo ilivyo. Nasema haya kwa madaktari wanaotukaripia: mgonjwa aliyetoka kwenye kukakamaa akaingia kwenye kukanda unga ndani ya siku tatu hatasikia neno lolote la tahadhari mpaka umkirie kwamba alichokipata ni kikubwa.

Hata waliogundua steroidi, iliyokuwamo kwenye kidonge kile kidogo cheupe, walishangaa vilevile. Daktari Philip Hench, wa Mayo Clinic katika mji wa Rochester, Marekani, alikuwa ameona tangu mwaka 1929 kwamba mgonjwa wa baridi yabisi akipata ugonjwa wa manjano viungo hupoa, na baadaye kwamba baadhi ya wanawake hupata nafuu wakiwa wajawazito. Akaamini kwamba mwili una kitu chake chenyewe cha kuzima moto ule. Mwenzake mkemia, Edward Kendall, alikuwa akichunguza homoni za tezi ndogo zinazokaa juu ya figo, tezi za adrenali. Septemba 21, 1948 wakamchoma sindano ya homoni mojawapo mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa akijikongoja kwa shida. Baada ya siku chache alitembea mwenyewe, akatoka kwenda madukani. Homoni ile iliitwa kotisoni. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeusz Reichstein wa Uswisi wakapewa Tuzo ya Nobel.

Na haikuchukua miaka mingi hao hao wagonjwa waliotembea wakaanza kurudi na nyuso za mviringo, na mifupa inayovunjika, na sukari iliyopanda. Prednisoloni tunayomeza leo ni ndugu wa kotisoni, imekuwepo tangu miaka ya 1950, na madhara yake yamejulikana muda wote huo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba mimi nilimezeshwa kitu kipya kisichojulikana. Kilijulikana vizuri. Mimi tu ndiye sikuambiwa.

Niyaeleze kwa lugha ya jikoni, kama nilivyokuja kuelezwa. Kila alfajiri, kabla hujaamka, tezi zile za juu ya figo hutoa homoni iitwayo kotisoli, ile inayokuinua kitandani, inayoshikilia presha isianguke na kukupa nguvu ya kuhimili homa au msiba. Kiasi cha siku moja kinakaribia nguvu ya kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5. Ukianza kumeza vidonge vitatu, vinne kwa siku, ubongo unaona homoni imejaa, unaziambia tezi zipumzike. Zikipumzika wiki moja hakuna neno. Zikipumzika wiki kadhaa, sembuse miezi, zinasinyaa na kusahau kazi. Huku nje dozi kubwa inaendelea na shughuli nyingine: inapandisha sukari, hasa mchana na jioni, inahamisha mafuta kutoka miguuni kuyapeleka usoni na tumboni, inanyonya chokaa ya mifupa kwa kasi kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo, inalainisha ngozi ikawa inachubuka kwa kuguswa na ukingo wa meza, inaleta mtoto wa jicho kabla ya wakati. Na kwa kuwa inailaza kinga ya mwili, magonjwa yaliyolala huamka. Katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu hilo ni jambo zito. Kuna hata mnyoo wa tumboni, strongiloidesi, ambao mtu huweza kuishi nao miaka bila kujua, akapewa steroidi ukazaliana na kusambaa mwilini hadi kumuua.

Sikujua lolote. Nilijua tu kwamba natoka jasho, nina njaa ya ajabu usiku, silali, na tumbo linaunguza. Kidonge kikubwa cha rangi kilikuwa diklofenaki, na diklofenaki ikitembea na steroidi hutoboa tumbo kwa urahisi kuliko kila moja ikiwa peke yake.

Februari 2020 mama mkubwa alikuja kutoka Pangani. Akanitazama, yeye hakuona mwezi. "Mwanangu, huku ni kuvimba. Hizo dawa za dukani zinakula figo, ziache leo." Nilimtii, kama nilivyofundishwa kumtii, na kwa moyo safi kabisa alinitakia uzima. Bahasha nikaitupa chooni.

Siku ya kwanza niliumwa viungo tu. Siku ya tatu nilitapika chai, nikatapika maji, nikasimama kumwandikia mwanafunzi ubaoni, ubao ukageuka. Niliamka kwenye benchi la ofisi ya walimu, miguu imeinuliwa juu ya kiti. Hospitalini presha ilisomwa mara mbili kwa sababu muuguzi hakuamini. Vijana wawili wa zamu walidhani malaria, kipimo kikakataa. Daktari mtu mzima aliyekuja jioni ndiye aliyenishika mkono, akaipekua ngozi, akaangalia michirizi ya zambarau tumboni, akaniuliza, "Mwalimu, ulikuwa unatumia dawa gani ukaiacha?" Nikasema, za viungo, za dukani. Akauliza kwa muda gani. Akafumba macho kidogo. Kisha akaagiza nichomwe sindano ya steroidi.

Yaani dawa iliyoniangusha ndiyo iliyoniinua, ndani ya saa chache. Tezi zangu zilikuwa zimelala, nami nilikuwa nimeukata msaada ghafla zikiwa bado usingizini. Ningechelewa, ningekufa kwa kuacha dawa, na jirani zangu wangesema nimekufa kwa kuitumia.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipozaliwa, nami sijaubadilisha tangu siku ile. Wako wanaoziita steroidi sumu, na wako wanaozigawa kama pipi, na mgonjwa huanguka katikati yao. Wa kwanza humtisha akaacha ghafla. Wa pili humwanzishia bila kumwambia itakuwaje siku ya kuacha. Kwa wote wawili kinachokosekana ni kimoja: mpango wa kushuka.

Daktari yule alinichorea mpango wangu nyuma ya karatasi ya maabara. Alitumia mfano wa pantoni, kwa kuwa alisomea Dar es Salaam na amevuka Kigamboni mara nyingi. "Prednisoloni ni pantoni," alisema. "Inakutoa upande wa maumivu leo leo. Lakini hakuna anayehamia ndani ya pantoni. Lazima upande wa pili kuwe na nchi kavu." Nchi kavu aliyoisema ni dawa zinazotuliza ugonjwa wenyewe polepole, na ya kwanza kati yake ni methotreksati. Hiyo huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuonyesha kazi, na katika wiki hizo ndipo steroidi inapopata haki ya kutumika, halafu inashushwa. Jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa viungo, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, inaruhusu steroidi kwa namna hiyo: muda mfupi, kisha ipunguzwe na kuondolewa mapema iwezekanavyo. Wenzao wa Marekani mwaka 2021 waliegemea hata kuanza bila steroidi pale inapowezekana. Mabingwa wenyewe, basi, hawakubaliani kila nukta. Wanachokubaliana ni kwamba pantoni haina vyumba vya kulala.

Lakini methotreksati nayo inadai. Humezwa siku moja tu kwa wiki, na kosa la kuimeza kila siku limeua watu. Huandamana na vidonge vya foliki. Huhitaji damu ipimwe mara kwa mara, ini litazamwe, pombe iwekwe mbali. Na haikai na mimba kabisa, humharibu mtoto tumboni. Prednisoloni, kwa upande wake, mjamzito anaweza kupewa chini ya uangalizi. Nilikuwa na miaka 38, na mimi na mume wangu tulikuwa bado tunataka mtoto wa tatu. Tulikaa barazani usiku mwingi tukilipima jambo hilo. Kubaki na steroidi nijaribu kubeba mimba, huku mifupa na sukari vikiendelea kulipa? Au kushika methotreksati na kuufunga mlango? Tuliamua kwamba wawili tulionao wanatosha. Nautaja uamuzi ule kwa sababu watu hudhani kupima madhara ya dawa ni kusoma orodha kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Wakati mwingine ni kumpima mtoto ambaye hatazaliwa. Hakuna daktari anayeweza kukufanyia hesabu hiyo, ila ana wajibu wa kukupa namba za kuifanyia.

Niliandikiwa vidonge vinne vya prednisoloni kila asubuhi baada ya chakula, asubuhi kwa sababu ndio wakati ambao tezi zenyewe huamka na ili usingizi usiharibike. Kila baada ya wiki kadhaa nilipunguza nusu kidonge. Nilipigwa picha ya kifua kwanza, nikapewa dawa ya minyoo, nikapimwa sukari, ikawa juu. Dagaa nikaanza kuwala kwa mifupa yake, kila siku, pamoja na vidonge vya chokaa na vitamini D. Nikapewa daftari. Juu yake nimeandika kwa kalamu nyekundu: NATUMIA PREDNISOLONI, NISIACHISHWE GHAFLA. Nikipata homa kali, ajali au upasuaji, yeyote atakayenipokea anapaswa kujua kwamba mwili wangu huenda ukahitaji kuongezewa, kwa kuwa hauwezi kujiongezea wenyewe. Daftari lile halikuzidi shilingi mia tano. Mwaka mzima nilinunua bahasha, hakuna aliyenipa daftari.

Juni 16, 2020, nikiwa nimeshuka hadi vidonge viwili na nusu, nilisikia redioni habari kutoka Uingereza: deksamethasoni, steroidi ya bei ndogo iliyomo katika maduka yetu yote, imepunguza kwa theluthi moja vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Nilizima jiko nisikilize vizuri. Ndugu wa dawa iliyokuwa imeniangusha ubaoni alikuwa akiwatoa watu kaburini. Sikuona mgongano. Wale walipewa miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi kumi, kwa sababu inayojulikana, na tarehe ya mwisho ilijulikana tangu siku ya kwanza.

Leo niko kwenye miligramu 5. Nimejaribu mara mbili kushuka chini ya hapo, na mara zote mbili vidole vimekataa, chaki imenitoka mkononi. Kwa hiyo mizani yangu haijatulia, na naamini haitatulia nikiwa hai. Kuna utafiti uliofanyika katika nchi saba za Ulaya, uitwao GLORIA, uliochapishwa mwaka 2022. Wagonjwa 451 wenye miaka 65 na zaidi waligawanywa, nusu wakapewa miligramu 5 za prednisoloni kwa miaka miwili, nusu kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa waliumwa kidogo kuliko wenzao na viungo vyao viliharibika kidogo kuliko vya wenzao, lakini madhara, mengi yake mepesi, hasa maambukizi, yaliwapata zaidi: asilimia 60 dhidi ya 49. Nimeyasoma matokeo hayo mara nyingi. Mtu mmoja kati ya kila kumi hivi analipia nafuu ya wenzake. Mimi sijafika umri huo, na miaka miwili si miaka ishirini, kwa hiyo sichukui jibu lao kama langu. Lakini naona kwamba hata penye vipimo vyote na madaktari wote, dozi ndogo ina faida ya kweli na bei ya kweli. Nimechagua kuilipa bei hiyo kwa sasa, nikipima sukari na presha kila mwezi na macho kila mwaka. Aliyechagua kuumwa vidole kuliko kuilipa simwoni mjinga hata kidogo.

Ninayeshindwa kumsamehe ni anayemnyima mtu nafasi ya kuchagua. Nawasema wauza bahasha, na nawasema kwa nguvu zaidi wanaouza unga na vidonge vya "asili" vya viungo, sokoni, kwenye mabasi na kwenye simu zetu, ambavyo hutuliza baridi yabisi ya miaka kumi kwa siku tatu. Mzizi haufanyi kazi hivyo. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba bidhaa za viungo zilizokuwa zikiuzwa kama virutubisho vya asili zilipopimwa maabara zilikutwa na deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa popote kwenye chupa. Ni mchanganyiko wa aina ileile ya bahasha yangu, umevalishwa kilemba cha mitishamba. Ukiona dawa ya kienyeji inakukunjulia vidole kwa kasi hiyo, mashavu yakajaa na njaa ikaja usiku, shuku.

Sitaki muuza duka apigwe faini halafu mambo yaishie hapo. Maduka ya dawa muhimu yalianzishwa Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu njema, kuwafikishia dawa salama watu walio mbali na famasia, na wauzaji wake hufunzwa. Wafunzwe na hili. Muuzaji aliyenihudumia alikuwa msichana mpole, na nadhani aliamini ananisaidia. Aliona mwalimu asiyeweza kufungua pochi yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba alikuwa na pantoni tu, na nchi kavu ilikuwa mbali: bingwa wa viungo nilimpata Dar es Salaam, safari ya basi ya kutwa nzima, na methotreksati niliambiwa mara kadhaa kwamba imeisha au kwamba hutolewa kwa wagonjwa wa saratani tu. Dawa hii imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, mahususi kwa baridi yabisi, na si ya bei ya kutisha. Inakosekana kwa sababu hakuna anayeiagiza, na hakuna anayeiagiza kwa sababu wagonjwa wake wapo kwenye foleni ya bahasha.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga vifurushi vyake naomba wafanye jambo dogo sana: methotreksati, foliki na kipimo cha damu na ini viwepo katika kila hospitali ya wilaya, na kila anayeandikiwa prednisoloni zaidi ya wiki mbili aandikiwe hapo hapo ratiba ya kushuka. Mstari mmoja chini ya dozi. Kama mtu anaweza kuandika 1 x 2, anaweza kuandika na tarehe.

Nawe msomaji, huenda una bahasha ya kaki kwenye droo sasa hivi. Usiitupe chooni, na usiache kumeza leo kwa sababu umesoma habari yangu. Kesho asubuhi ibebe bahasha hiyo, na mabaki ya vidonge yaliyomo, uende nayo hospitali. Uliza hiki kidogo cheupe kinaitwaje, nimekimeza kwa kiasi gani, na nitakishuka vipi. Wakikujibu mawili ya kwanza wakanyamaza la tatu, usiondoke kwenye kiti.